Kelele za Bi Zulekha

Mimi ni fundi wa kupunguza suruali. Cherehani yangu iko barazani, Mtaa wa Kongo, Kariakoo, mlangoni mwa nyumba tunayopanga mimi na mume wangu Bakili. Mtu akinunua suruali ya mtumba ikamzidi urefu, ananiletea, nakata, napinda, anaondoka nayo. Pini zinashinda mdomoni mwangu kutwa nzima, hata nikitaka kusema siwezi. Labda ndiyo maana macho yangu yamezoea kufanya kazi ya mdomo.

Na niliyemtazama kuliko watu wote wa mtaa huu ni Bi Zulekha, kwa kuwa hakuna namna ya kutomtazama. Anauza nguo za mtumba kwa mnada. Belo la nguo likishafunguliwa anavua ndala zake, anapanda juu ya meza, anasimama katikati ya nguo, anapiga makofi mawili, halafu anaanza.

"Chagua, chambua! Hii imevaliwa na Mzungu mmoja tu, tena mpole! Baba, usikunje uso, kunjua suruali! Wewe kaka mwenye kofia, mkeo kanituma, kasema usirudi na hiyo uliyovaa! Haya, ukiiacha leo, Idd utaiona mwilini kwa jirani yako!"

Watu wanacheka, wanasogea, wananunua. Na akimaliza kuwauzia ananyoosha kidole kwangu: "Imekuzidi? Fundi yule pale. Haongei, lakini mkono wake unaongea." Nusu ya wateja wangu nimeletewa na kidole hicho.

Naandika habari zake kwa sababu nina deni lake la shukrani ambalo siwezi kulisema mbele yake. Nikianza tu ananikatiza: "Aa, mwanangu, hebu niache nifanye kazi."

Lakini niseme ukweli tangu mwanzo. Kuna wakati nilimshitaki. Mwanangu Nassibu alikuwa mchanga, ana miezi miwili, hapati usingizi mchana. Kila akisinzia, Bi Zulekha anapiga makofi yake mawili, mtoto anaruka mikono juu. Nikaungana na wapangaji wengine wawili tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Bi Zulekha akaitwa. Alisimama akatusikiliza wote mpaka mwisho, hakutukatiza hata mara moja, jambo ambalo lilituaibisha zaidi kuliko kama angetutukana. Kesho yake nikaona meza imesogezwa hatua nyingi, karibu na kona.

"Shikamoo, Bi Zulekha," nilimwamkia, macho chini.

"Marahaba, Mama Nassibu. Mtoto hajambo? Meza nimehamisha. Sauti ndiyo sijui niihamishie wapi."

Akacheka, na kicheko chenyewe kikamwamsha mtoto.

Baadaye nilijua sauti ile ilikotoka. Bi Zulekha ni mtu wa Liwale. Utotoni kazi yake ilikuwa kulinda shamba la mpunga, kuamia ndege asubuhi na kufukuza ngedere jioni. Wazazi walimjengea dungu, kile kijukwaa cha miti katikati ya shamba, akawa anakaa juu yake na debe bovu na kijiti. Shamba moja lilikuwa mbali na jingine, na kila dungu lina mtoto wake. Nguruwe wakiingia huku, mtoto wa huku anapiga ukelele, wa pili anaupokea, wa tatu anaupokea, mpaka unafika kijijini kwa wanaume wenye mikuki.

"Ukelele wa mwenzio hukuruhusiwa kuuangusha chini," aliniambia siku moja nampindia gauni. "Ukiuangusha, jioni unachapwa. Si na baba yako tu, na kijiji kizima."

Alikuja Dar msichana wa miaka kumi na tisa, akaolewa na mtu wa Kigogo aliyekuwa hataki mwanamke acheke kwa sauti. Miaka minne alicheka na khanga mdomoni. Mtu yule akamwita debe tupu, kiherehere, mdomo mpana, na mwisho akamwacha. "Siku niliyoachwa," Bi Zulekha anasema, "nilitoka nikafika Jangwani, nikasimama pale uwandani, nikapiga ukelele mmoja tu. Watu wakadhani nimeibiwa. Kumbe nimerudishiwa."

Halafu kuna habari ya fulana.

Ilitoka kwenye belo asubuhi moja ya kiangazi, nyeusi, na kifuani imeandikwa herufi kubwa za njano: RAMBUNCTIOUS. Bi Zulekha akaiinua juu.

"Atakayenisomea hii, nampa bure!"

Nurdin, mbeba mizigo wa kona yetu, akatua robota lake akajaribu. "Ramba... rambu... Bi mkubwa, hii wameandika wakiwa wamekalia kibodi!"

Wengine nao wakajaribu, kila mtu na yake. Barazani kwangu alikuwepo Mwalimu Euphrasia, anafundisha Kiingereza sekondari, alikuwa anasubiri sketi. Akalisoma bila kupepesa: rambankshas.

"Maana yake?" Bi Zulekha akauliza.

"Maana yake mtu mwenye kelele na furaha kwa pamoja. Hatulii. Anaruka, anacheka, anapindua vitu, lakini hana ubaya na mtu. Watoto wanavyotoka darasani kengele ya mwisho ikilia, ndiyo hivyo."

Nurdin akapiga paja. "Basi wamemuandika huyuhuyu! Bi Zulekha, umefika Ulaya na hukutuaga!"

Watu wote wakacheka, na Bi Zulekha akacheka nao, lakini mimi nilimwona. Aliikunja ile fulana polepole, hakuirudisha kwenye lundo.

"Mwalimu," akasema, "hilo neno limetoka wapi? Nani alianza kumwita mwenziwe hivyo?"

Mwalimu Euphrasia akasema hajui, ataangalia. Nilidhani anasema tu. Wiki iliyofuata akarudi na karatasi aliyoiandika kwa mkono, akasimama mbele ya meza kama mwanafunzi.

"Bi Zulekha, neno lako halina baba wa hakika. Lilianza kuandikwa Marekani, inakaribia miaka mia mbili sasa. Wenye elimu hiyo wanadhani watu walichukua neno la zamani la Waingereza, lenye maana ya fujo ya furaha, wakaliongezea madoido mdomoni mpaka lenyewe likawa na vishindo. Hilo la zamani nalo wanadhani limetokana na jingine, la mtu mwenye nguvu na kishindo. Na ukizidi kuchimba unafika kwenye Kilatini, na huko unakuta mti."

"Mti?"

"Mti. Kuna mti wa Ulaya mbao zake ngumu sana, walikuwa wanajengea nyumba na meli. Mtu mwenye nguvu wakamfananisha nao. Basi likatoka kwenye mti likawa nguvu, likatoka kwenye nguvu likawa kelele."

Bi Zulekha aliteremsha nguo aliyokuwa ameiinua. Siku ile ndiyo mara ya kwanza kumwona amesimama juu ya meza hasemi, na wateja wakaanza kutazamana.

"Kwetu mti wa hivyo ni mpingo," akasema mwisho. "Baba yangu alikuwa anaupiga shoka, shoka linarudi limepinda mdomo. Kwa hiyo sikutukanwa?"

"Hukutukanwa hata kidogo."

"Maana sisi mtu kama mimi tumempa majina mengi, na yote ya kumnyamazisha. Hao waliotunga hilo, nadhani waliishi na mtu mwenye kelele, na wakampenda."

Akaifua fulana, akawa anaivaa kila Jumamosi juu ya gauni lake. Wapo wanaomwita Mama Rambu mpaka leo. Na mimi, niliyemfikisha kwa mwenyekiti kwa ajili ya kelele, nilirudi kwenye cherehani yangu nikashona nusu saa nzima bila kuinua uso.

Sasa nieleze siku ya lile deni langu.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Ramadhani, mwaka jana. Anayeijua Kariakoo wiki ya Idd anajua: mtu hatembei, anabebwa. Bakili alikuwa Feri kwenye biashara yake ya samaki. Nassibu, miaka mitatu, alikuwa chini ya cherehani anacheza na vibobini vitupu vya uzi. Mimi nimeinamia suruali ya kijana mmoja aliyekuwa na haraka. Nikapinda mguu wa kwanza, nikapinda wa pili. Nilipoinama kumtazama, sikuona mtoto. Vibobini vilikuwepo vimepangwa mstari.

Nikaangalia ndani. Nikaangalia uani, chooni, kwa jirani, nyuma ya mlango. Nikatema pini zote chini. Muda ule wa alasiri, kwenye umati ule, mtoto wa urefu wa goti ni sawa na punje ya mchele kwenye gunia. Na kila mwaka tunasikia ya mtoto aliyepotea sokoni, na wengine hatujasikia mwisho wao.

Nilimkimbilia Bi Zulekha. Alikuwa katikati ya maneno.

"Nassibu simwoni."

Shati alilokuwa amelishika akamtupia mteja bila kutaja bei. "Kavaa nini?"

"Kaptula ya kadeti," nikasema, "nimeitoa kwenye suruali ya baba yake, mshono wa pembeni nimepiga mara mbili, mfuko mmoja wa..."

"Mama Nassibu! Simuuzi huyo! Rangi!"

"Kaptula ya bluu. Shati jekundu."

Akapiga makofi matatu ya polepole. Kwa kawaida ni mawili, na wanadi wote wa mtaa wanajua tofauti yake. Niliona vichwa vyao vinainuka juu ya umati, mmoja mmoja, kila mtu juu ya meza yake.

"Mtotoooo! Miaka mitatu! Kaptula bluu, shati jekundu! Nassibuuu!"

Muuza mikanda wa ng'ambo akaudaka papo hapo, hata biashara yake hakuiacha: "Mikanda, mikanda ya ngozi, mtoto shati jekundu, Nassibu huyo, tazameni miguuni kwenu, mikanda!" Wa baada yake akaupokea, na wa baada yake. Nikausikia unakunja kona unaingia Mtaa wa Mchikichi, unazidi kuwa mdogo, halafu ukanipotea masikioni, lakini nilijua unaenda. Hiyo ndiyo sheria yao wanadi wa pale, na ni Bi Zulekha aliyewafundisha: ukelele wa mtoto hauangushwi chini. Ukiusikia unautia kwenye maneno yako, unaendelea nao mpaka usikie umefungwa. Na anayeruhusiwa kuufunga ni meza iliyoufungua peke yake, mtu mwingine asije akasema kapatikana kwa kusikia uvumi, watu wakaacha kutafuta.

Mimi nilitaka kukimbia, popote tu. Bi Zulekha akanishika kwapa.

"Ukikimbia tutatafuta wawili. Mtoto ataletwa kwenye sauti. Kaa kwenye sauti."

Nikakaa. Alimnadi mtoto wangu nusu saa bila kupumzika, mtu aliyefunga tangu alfajiri, jua limemlalia kichwani. Nurdin akamletea kopo la maji. Akalipokea, akajimwagia kichwani, akaendelea. Midomo yake ilikuwa imeanza kupasuka.

Wakaletwa watoto watatu wenye mashati mekundu. Mmoja alikuwa msichana. Mmoja alikuwa na umri wa kwenda shule, akasema yeye anaitwa Ridhiwani na hajapotea, yuko na baba yake. Wa tatu alikuja na mama yake akimfukuza mbebaji kwa nyuma: "Wee! Wee kaka! Huyo wangu jamani, mnaniibia mwanangu mchana kweupe?" Watu wakacheka. Mimi nikarudi nikajibwaga kwenye kiti cha cherehani.

Mguu wangu ukakanyaga kitu laini kwenye pedali.

Nilikiokota. Shati jekundu, na sindano inaning'inia kwenye uzi. Ndipo nikakumbuka: kifungo kilikuwa kimelegea. Mimi ugonjwa wangu ni huo, siwezi kuona kifungo kimelegea nikakiacha kipite, hata cha mtu baki njiani. Nilimvua mtoto shati kwa mikono yangu mwenyewe ili nikikaze, akaja kijana mwenye haraka, nikaliweka chini. Mtaa mzima wa Kongo na mitaa ya jirani ilikuwa inatafuta shati lililokuwa chini ya mguu wangu, na mwanangu anatembea kifua wazi mbele ya macho ya watu wanaomtafuta.

Nilimpelekea Bi Zulekha lile shati. Nikaliinua juu aone. Nilingoja matusi, na ningeyapokea yote.

Alilitazama shati, akanitazama mimi.

"Mali tunainadi, kumbe iko stoo," akasema. Sauti ilikuwa imeshaanza kukwaruza kama sufuria inayosuguliwa na mchanga. Akashika kiuno, akavuta pumzi kutoka chini kabisa. "Futa shatiii! Futa shati jekundu! Kifua waziii! Kaptula bluu, kifua wazi, kitovu nje! Nassibuuu!"

"Mikanda," akaitikia muuza mikanda, "futa shati jamani, mama kalikalia, mtoto kifua wazi, kitovu nje, mikanda!"

Ukaenda, njia ileile, mdomo kwa mdomo. Nilisimama nimeshika lile shati, nikiomba kila ninalolijua kuomba.

Haikupita hata robo saa. Kutoka upande wa Mnazi Mmoja nikaona beseni kubwa la plastiki linakuja juu ya vichwa vya watu. Chini yake kulikuwa na kijana mmoja, Abbasi, anauza mabeseni na ndoo kando ya Mtaa wa Uhuru. Ndani yake kulikuwa na Nassibu, amekaa kitako, anatafuna muwa.

"Dada, nisamehe," Abbasi akaniambia, jasho linamtiririka. "Huyu niko naye tangu muda. Nasikia shati jekundu, shati jekundu, nikawa namwambia, wewe siye, wewe huna shati, subiri tu, mama yako naye atakutangaza. Jina nikimuuliza ananiambia anaitwa Dereva."

"Mama," Nassibu akasema, "nimepanda beseni."

Nilimshusha nikamkumbatia na muwa wake. Nililia mpaka nikamlowesha. Halafu nikataka kupiga magoti mbele ya Bi Zulekha, naye akanivuta juu.

"Acha hayo. Kwanza tufunge ukelele."

Akasimama sawasawa, akapiga makofi matatu, akafungua mdomo. Haikutoka sauti. Ilitoka pumzi tupu. Akameza mate, akajaribu tena. Pumzi tupu. Mitaani huko nilisikia bado wanamwita mwanangu, sauti za watu nisiowajua, kifua wazi, kitovu nje, Nassibu, wameacha kutaja bei zao.

Bi Zulekha akanishika mkono akanipandisha mezani. Akaninong'oneza sikioni, na mnong'ono wenyewe ulikuwa wa kukwaruza: "Meza ndiyo iliyofungua. Funga wewe."

Sijawahi kupaza sauti maishani mwangu. Hata kujifungua, wakunga walisema huyu binti ni mkimya. Nilisimama pekupeku juu ya nguo za watu, mtoto kiunoni.

"Kapatikana," nikasema.

"Nani huyo?" muuza mikanda akauliza kwa nguvu. "Jirani, sisikii! Au kapotea tena?"

Watu wakacheka, na kicheko kile kikanifungua kifua.

"Kapatikanaaa! Nassibu kapatikanaaa!"

Ilinitoka. Haikuwa nzuri, ilipasuka katikati, lakini muuza mikanda aliidaka, na wa baada yake, na wa baada yake, ikakunja kona.

Jioni ile, kabla ya adhana, watu walianza kuja barazani. Akaja muuza mikanda. Akaja Violeth, mama wa Kichaga anayeuza vitunguu Mtaa wa Sikukuu, ambaye sijawahi kumwona, na begi lake bado begani. "Nimekuja kumwona huyo Nassibu," akasema. "Nimemwita saa nzima, sura yake siijui." Akamshika kidevu. "Ndiye huyu? Mbona mdogo hivi!" Wakaja wengine wawili, kijana wa viatu na baba mmoja wa mapazia, kila mmoja anataka tu kuona. Nassibu alikuwa amevaa shati lake, kifungo kimekazwa, akawaamkia mmoja mmoja. Bakili alipofika na samaki alikuta nyumba imejaa, akadhani kuna msiba. Nilimweleza hapohapo mlangoni. Akaweka ndoo chini, akaenda moja kwa moja alipokaa Bi Zulekha, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Bi Zulekha alikuwa amekaa kwenye kiti changu cha kushonea, fulana yake imeloa maji, kikombe cha uji mkononi anasubiri adhana. Hakuweza kutoa hata neno. Watu walikuwa wakimsimulia yeye mwenyewe alivyopiga kelele, kila mtu na alivyozisikia kutoka mtaa wake, na yeye anatikisa kichwa, anacheka kicheko kisicho na sauti, mabega yanaruka. Adhana ikalia. Nikamwekea tende mkononi kabla ya mtu mwingine yeyote.